Kasi Iliyoahidiwa Mwangatini

Siku ya Jumanne, saa saba na dakika arobaini mchana, Inspekta Kahonzi Mramba alivunja mlango wa stoo ya dawa katika zahanati ya Mwangatini, akamkuta mganga amekaa sakafuni, damu imemkaukia juu ya jicho la kushoto. Kifuani amekumbatia daftari la shule kama mtu aliyeshika mtoto.

"Ni wewe Zipporah Cherop?"

"Ndiye mimi."

"Nani amekufungia humu?"

"Nimejifungia mwenyewe. Walikuwa wananirushia mawe."

Katika chumba cha pili, juu ya kitanda cha uchunguzi, alilala Kahaso, mke wa Kazungu Kambi, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Alikuwa amefunikwa leso mbili, na tumbo lake la miezi minane lilionekana wazi chini ya leso hizo. Alikata roho saa sita na dakika ishirini na tano. Mtoto hakuwahi kutolewa.

Nje kulikuwa na watu kama sitini. Kazungu, mkulima wa mahindi na mihogo, alisimama mbele yao na jiwe bado liko mkononi, wala hakuonekana kukumbuka kwamba analo.

"Afande, huyo mtu wa bara amemuua mke wangu," alisema. "Alimwacha anavuja damu tangu saa tatu asubuhi, yeye anachezea kompyuta. Kilifi wamesema hakutuma kitu. Hakutuma!"

"Nani amesema?"

"Hospitali yenyewe. Wamempigia chifu."

Kahonzi alimtoa Zipporah kwa mlango wa nyuma, akampakia kwenye gari la polisi. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kigiriama kutoka Marafa, na alipopita mbele ya watu wake akiwa amemshika mkono mganga alisikia maneno ambayo hakutaka kuyasikia. Moyoni naye hakuwa mbali nao. Mkubwa wake wa kituo alikuwa ameshamwambia kwa simu: andika faili la uzembe, mganga ashtakiwe Ijumaa, mambo yaishe.

Barua ya hospitali ilifika kituo cha polisi cha Malindi kabla yao. Hospitali ya Bahari Njema iliyoko Kilifi ilikuwa na zahanati tano vijijini, kila moja na mashine ya kupiga picha ya tumbo. Picha ilisafiri kwa laini ya hospitali hadi Kilifi, ikasomwa na daktari bingwa, naye ndiye aliyetia sahihi ili ambulansi itoke. Bila sahihi, gari haliondoki. Barua ilisema kwa ufupi: hakuna picha iliyopokewa kutoka Mwangatini siku hiyo, na laini ilikuwa nzima. Chini yake palikuwa na sahihi ya Bwana Mwaringa Lewa, mkuu wa mawasiliano.

Zipporah alishonwa nyuzi nne, kisha akahojiwa.

"Kahaso alifika saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi. Damu ilikuwa kidogo, bila maumivu. Nikahofia kondo la nyuma limeziba njia. Hapo mtu hana wokovu ila upasuaji, na mimi sina chumba cha upasuaji."

"Picha ulituma?"

"Saa nne na dakika nne. Ikaanza kwenda, ikawa inajikokota. Saa nne na dakika thelathini na nne ikakatika. Nikatuma tena. Ikakatika tena."

"Simu je?"

"Mtandao wa simu kule hushika juu ya kilima cha tangi tu. Nilipanda mara mbili. Chumba cha wasomaji hakuna aliyepokea. Nikampigia Bwana Lewa. Akaniambia, laini ni nzima dada, tuma tena, usiwe na papara. Mara ya pili niliposhuka kilimani, Kahaso alikuwa ameanza kutetemeka."

Kahonzi alimwangalia. Kila mzembe aliyepata kuhojiwa naye alikuwa na hadithi ya simu isiyopokewa.

"Na hilo daftari?"

"Ni la kila picha niliyotuma mwaka huu. Saa ya kutuma, saa ya kufika. Nilimlalamikia Bwana Lewa tangu Machi kwamba picha zinachelewa. Akasema mashine yangu ndiyo mbovu."

Kahonzi alilichukua daftari akalisoma juu ya meza yake hadi chai ikapoa. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi. Januari na Februari hakuna picha iliyozidi dakika tatu na ushei, iwe asubuhi au mchana. Kuanzia katikati ya Machi mambo yaligeuka. Asubuhi mapema picha ilipita kwa dakika moja au mbili, kama kwanza. Lakini siku za Jumanne na Alhamisi, baina ya saa nne na saa sita, kulikuwa na mistari myekundu: imekatika, imekatika, imekatika.

Mashine mbovu haijui Jumanne. Kahonzi alilisema hilo kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa Kilifi. Bwana Lewa alimpokea kwa adabu zote, mtu wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi vizuri, na ukutani nyuma yake picha akipeana mikono na wageni. Alitoa jalada la vyeti.

"Kila mwezi tunapima laini zote tano, Inspekta. Tazama. Mwangatini: imefaulu. Imefaulu. Imefaulu."

"Mnapima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kabla ya kazi kuanza, tusiwasumbue watu."

"Jumanne na Alhamisi saa nne kuna nini hapa?"

Lewa alitabasamu. "Hiyo ni fahari yetu. Wafadhili huja ukumbini. Tunawaunganisha moja kwa moja, kwa video, na zahanati yetu ya mfano iliyoko Mambrui. Wanamwona mgonjwa kule, wanamwona daktari hapa akimshauri. Mpango huu ukipita, tutaunganisha zahanati arobaini pwani nzima."

Daktari Mwikali, msomaji wa picha, alikuwa mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalionyesha kwamba hakulala. Kahonzi alimkuta kwenye chumba chake chenye giza, mbele ya vioo vya kompyuta.

"Jana saa nne ulikuwa wapi, daktari?"

"Ukumbini. Nilikuwa nazungumza na mama mjamzito wa Mambrui mbele ya wageni."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Alikuwa mzima kabisa. Tulimwita kwa ajili ya kuonyesha." Aliinamisha kichwa. "Nilirudi hapa saa sita kasorobo. Kwenye kompyuta nilikuta picha mbili nusunusu kutoka Mwangatini, sehemu ya juu tu, hazisomeki. Picha isipokamilika kwa dakika thelathini, mashine huikata. Nilipokuja asubuhi hii hazikuwepo tena. Zimefutwa."

"Kwa hiyo alituma?"

"Alituma. Nilimwambia Bwana Lewa jana ileile. Akasema nusu picha si picha."

"Nani aliyekuita ukumbini?"

"Yeye."

Kahonzi alirudi kwa Lewa peke yake, akamsimamisha mlangoni.

"Ningependa kuona mtambo wenyewe unavyogawa laini."

"Uko Malindi. Anaushughulikia fundi wetu, Owen Thuku. Mimi huku ni mtu wa makaratasi tu."

"Basi vema. Owen nimeshamwita, nina miadi naye saa saba kituoni. Saa nane tutakwenda kuutazama pamoja."

"Karibu sana," alisema Lewa. "Owen ni kijana mzuri, lakini... mimi si mtu wa kusema watu."

Saa saba kamili Owen Thuku aliketi mbele ya Kahonzi katika kituo cha Malindi. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekulia mtaa wa Kisumu Ndogo hapo Malindi, mwenye mikono ya mtu wa kazi. Simu yake ilizimwa ikawekwa juu ya meza, kama ilivyo desturi. Alihojiwa kwa dakika hamsini.

"Nieleze hiyo laini kama unavyomweleza mama yako," Kahonzi alisema.

Owen alifikiri. "Mama yangu huteka maji kwenye kioski. Afande anajua vioski vyetu. Sema nyumba tano zinatumia bomba moja. Kila nyumba imeahidiwa mitungi minne kwa saa. Hiyo ni haki yake, hata kukiwa na foleni vipi. Sisi kwenye mtambo tunaiita kasi ya ahadi. Sasa, jirani akiwa amelala, maji yapo, wewe teka hata mitungi kumi, hakuna atakayekukataza. Ila ile ya ziada mwenye bomba anaitia alama ya chaki. Maji yakianza kuwa machache, mitungi yenye chaki ndiyo inayomwagwa kwanza."

"Na kwenye laini?"

"Picha inakatwakatwa vipande vidogo, tunaviita fremu. Fremu zilizo ndani ya kasi ya ahadi hupita. Zinazozidi hutiwa alama. Njia ya kutoka Malindi kwenda Kilifi ikijaa, mtambo hutupa zenye alama. Mashine ya mganga hutuma tena zilizotupwa, nazo hutupwa tena."

"Kwa hiyo mtu akipunguziwa ahadi, hatajua?"

"Asubuhi mapema hatajua kabisa. Njia ni tupu, kila kitu kinapita, hata chenye alama. Atajua siku njia ikijaa. Lakini hakuna aliyepunguziwa. Zahanati zote tano nilizipa kilobiti mia mbili hamsini na sita kwa sekunde. Jumla elfu moja mia mbili themanini, sawasawa na upana wa njia. Mtambo ni wa zamani, tuliununua kwa benki moja iliyohamia mitambo mipya, lakini katika jambo hilo ni mwaminifu. Hauwezi kuahidi zaidi ya ulicho nacho."

Saa nane waliingia katika chumba cha mtambo, nyuma ya ofisi ndogo ya hospitali hapo Malindi. Mtambo ulikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Owen aliufungua kwa jina lake na neno lake la siri, kama unavyoweza kufunguliwa hata kutoka kompyuta za Kilifi.

"Tazama, afande. Mwangatini, mia mbili hamsini na sita. Mambrui, mia mbili hamsini na sita. Hakuna kilichoguswa."

Kahonzi alihisi njia inazibika mbele yake. Kama laini ilikuwa sawa, basi Zipporah alikuwa na daftari tu, na daftari mtu anaweza kuliandika apendavyo.

"Mtambo hauhesabu zile fremu zilizotupwa?"

Owen alibonyeza. Safu ya tarakimu ilishuka kwenye kioo, naye akasogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Zahanati nne zilikuwa na sifuri, ama fremu tatu, tano. Mwangatini ilikuwa na fremu elfu arobaini na moja zilizotupwa.

"Hii haiwezekani," alisema. "Kwa kasi ya mia mbili hamsini na sita haiwezekani."

"Ikibadilishwa, inaacha alama popote?"

Owen alipiga magoti, akavuta kutoka chini ya meza mashine kuukuu ya kuchapa, imejaa vumbi, karatasi yake ndefu imejikunja sakafuni kama utumbo. "Hii ilikuja na mtambo. Huchapa kila badiliko. Nadhani sote tuliisahau."

Waliikunjua karatasi wakiwa wamechuchumaa. Kahonzi aliona kwanza.

Tarehe 12 Machi, saa tano asubuhi: Mwangatini, kutoka 256 hadi 16. Dakika moja baadaye: Mambrui, kutoka 256 hadi 496. Kisha hakuna kitu mpaka mistari miwili ya mwisho, ambayo wino wake ulikuwa bado mweusi. Jumatano, saa saba na dakika kumi na tano mchana: Mwangatini, kutoka 16 hadi 256. Saa saba na dakika kumi na sita: Mambrui, kutoka 496 hadi 256.

Mwishoni mwa kila mstari palichapwa jina la aliyefanya. Mara zote nne lilikuwa moja: Owen Thuku.

Owen aliinuka, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. "Afande, wallahi, kwa mama yangu mzazi, si mimi. Machi sijui, lakini si mimi."

"Kaa chini."

"Mtanifunga!"

"Owen, kaa chini. Leo saa saba na robo ulikuwa wapi?"

Taratibu, alikaa.

"Ulikuwa mbele yangu," Kahonzi alisema, "unanieleza habari ya mitungi. Simu yako imezimwa, iko juu ya meza yangu. Mtu mwingine ana neno lako la siri. Na ni mtu aliyejua kwamba saa nane nakuja kutazama. Nilimwambia mtu mmoja tu." Aliikunja karatasi. "Neno lako uliwahi kumpa nani?"

"Hakuna. Ila... kanuni ya hospitali inasema kila fundi aandike neno lake, alitie kwenye bahasha, aibandike, atie sahihi juu ya kibandiko. Isifunguliwe mpaka fundi afe au aache kazi."

"Bahasha iko wapi?"

"Kwenye sefu. Kwa mkuu wa mawasiliano."

Kahonzi alipiga hesabu akiwa njiani kurudi kituoni. Picha ya Kahaso ilikuwa na megabaiti sita. Kwa kasi iliyoahidiwa ingepita kwa dakika tatu na sekunde chache. Kwa kasi iliyoachwa ingechukua dakika hamsini, na mashine ya Kilifi hukata kwa thelathini. Ilikuwa haifiki. Tangu Machi, kila Jumanne na kila Alhamisi, ilikuwa haifiki, na ni bahati tu iliyowabeba wengine.

Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi walikutana katika ukumbi wa hospitali: Kahonzi, Owen, Daktari Mwikali na Bwana Lewa. Viti vya wageni vilikwisha pangwa. Kwenye kioo kikubwa ukutani alionekana muuguzi wa Mambrui akirekebisha ua mezani.

"Inspekta, tafadhali tufanye haraka," alisema Lewa. "Saa nne nina wageni."

"Nataka kitu kimoja tu. Bahasha ya Owen."

"Bahasha gani?"

"Iliyo kwenye sefu yako."

Lewa alikwenda, akakawia kuliko ilivyohitajika, akarudi nayo. Ilikuwa imebandikwa vizuri. Kahonzi alimpa Owen, na Owen akaitazama mara moja tu.

"Sahihi yangu ina mkia unaopita katikati. Hapa mkia umevunjika. Nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani."

"Gundi huchakaa," alisema Lewa.

Kahonzi aliitandaza karatasi ya mtambo mezani. Hakupandisha sauti. "Kinachochapwa hapa hakichakai. Hii ni tarehe kumi na mbili Machi. Na hii ni jana, saa saba na robo. Ulirudisha haki ya Mwangatini saa ishirini na tano baada ya mwanamke kufa. Mtu asiye na hatia, Bwana Lewa, angejuaje kwamba kuna kitu cha kurudisha?"

Lewa aliitazama karatasi. Alikuwa hajui kwamba mashine ile ipo. Hilo lilionekana usoni mwake waziwazi.

"Februari video iliganda," alisema hatimaye. "Mbele ya wageni kumi na wanne. Mgonjwa mdomo wazi, haendi mbele wala nyuma, na wao wakacheka. Mmoja akauliza kama huu ndio mtandao wetu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu wa nyaya, Inspekta, huitwa pale kitu kinapoharibika. Mpango huu ulikuwa wangu. Ningeuongoza pwani nzima."

"Kwa nini Mwangatini?"

"Wanatuma picha mbili, tatu kwa siku. Na hawakunyimwa! Ziada walikuwa wanaipata. Asubuhi walikuwa wanakwenda kasi ileile ya kwanza. Nilichukua kitu ambacho walikuwa hawakitumii."

"Jumanne walikitumia," alisema Daktari Mwikali. Alikuwa amesimama. "Alikupigia. Alikuwa juu ya kilima anakupigia, na wewe unajua ni kwa nini picha haifiki. Mimi niko hapa kwenye kiti hiki namwuliza mwanamke mzima kama anakula mboga. Ungeniambia, Lewa. Ningetoka. Ningetia sahihi bila picha!"

"Wageni walikuwa katikati ya..." alisema Lewa.

"Na picha mbili nusunusu?" aliuliza Kahonzi. "Nani alizifuta?"

Lewa aliitazama saa yake.

"Na ile barua ukaandika mwenyewe, kwamba mganga hakutuma."

"Sikumtakia mabaya yule dada," alisema Lewa. "Nilihitaji siku mbili tu. Leo ndiyo siku ya uamuzi."

Kahonzi alimtia pingu mbele ya kioo, na muuguzi wa Mambrui, aliyekuwa akiona kila kitu bila kusikia, aliacha ua lake. Video ilikuwa haina hata chembe ya kukwama.

Mwanasheria wa serikali alilisoma faili akasema la kuua litakuwa gumu: mtu hakugusa mgonjwa, alibadilisha tarakimu. Lewa alishtakiwa kwa kuuingilia mtambo bila idhini, kufuta ushahidi na kutoa taarifa ya uongo. Akatoka kwa dhamana siku ya nne. Wafadhili waliupitisha mpango. Zipporah alifutiwa kila shutuma kwa barua ya mistari mitatu, akapanda basi kwenda kwao Kericho bila kuichukua.

Kahonzi alikwenda Mwangatini mwenyewe kumweleza Kazungu. Mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa. Hospitali ilisema inatafuta mganga mwingine. Alimkuta Kazungu shambani, amekalia kisiki, na akamweleza yote, mpaka habari ya mitungi na chaki.

Kazungu alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Huyo Lewa alikuwa na kisa na mke wangu?"

"Hapana. Hakumjua."

"Na mimi?"

"Wala wewe."

Aling'oa jani la mhogo, akalipasua vipande. "Afadhali angetuchukia, dada yangu. Mtu akikuchukia, hata jina lako analijua. Lile jiwe lililompiga mganga ni langu. Nililirusha mimi. Nataka kumwambia."

Walipanda kilimani pamoja mpaka simu iliposhika mtandao. Kahonzi alipiga. Iliita mara nyingi kabla Zipporah hajapokea. Kahonzi alimsalimu, akamwambia ni nani aliye naye, akaweka sauti kubwa, akamsogezea Kazungu.

"Shikamoo, daktari," alisema Kazungu, ingawa alimzidi mganga yule kwa miaka kadhaa. "Ni mimi mume wa Kahaso. Nilikukosea. Nilikupiga, na wewe ndiye uliyekuwa unamhangaikia. Nakuomba unisamehe. Nakuomba, kama unaweza, urudi. Kuna wake wa ndugu zangu wawili wana mimba."

Upepo ulipiga kwenye simu. Walidhani imekatika.

"Nimekusikia," alisema Zipporah, na akakata.